Waleti mpya inasoma sifuri: hela ziko wapi?

Dada mmoja wa Masasi, wakala wa fedha za simu pale Mkuti, ameniandikia hivi:

"Kaka, habari za kazi. Simu yangu ya zamani ilikufa kioo, nikanunua nyingine. Yale maneno 12 ya siri ya kurudishia waleti, niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari, nikayaingiza kwenye waleti mpya (programu ya simu ya kuendeshea sarafu za kidijitali), siyo ile ya mwanzo. Imefunguka vizuri, ila bitcoin yangu ya akiba inasoma sifuri. Juzi mdogo wangu aliyeko Muscat kanitumia USDT 420, ile sarafu ya kidijitali inayofuata dola, za kumalizia nyumba ya mama. Kwake imeandikwa imekamilika, kwangu hakuna kitu. Halafu kuna mteja wa Mtwara mjini kanitumia bitcoin ya kama laki tatu, leo siku ya pili inasema inasubiri, naye anataka nimpe shilingi zake kwa kuwa yeye ameshatuma. Nilipouliza kwenye kundi moja la Telegram akanifuata mtu anayesema yuko huduma kwa wateja. Anataka maneno 12 na shilingi 85,000 za kufungua muamala. Nimtumie?"

Usimtumie, dada yangu. Maneno usimpe, na hela usimpe. Kama maneno umeshampa, basi acha yote mengine: tengeneza waleti nyingine yenye maneno mapya kabisa, uhamishie humo kila unachokiona sasa hivi, kisha ndipo urudi kusoma. Kama hujampa, tulia. Kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili kwamba kuna kilichopotea, na huyo mtu ndiye hatari kubwa kuliko shida zote tatu ulizoziandika.

Kazi ya uwakala imekuzoesha jambo moja jema: mteja akikosea namba anapiga simu kwenye kampuni, na kama aliyepokea hajatoa, muamala unaweza kurudishwa. Kwenye kripto, yaani sarafu hizi za kidijitali, hakuna wa kupigiwa. Bitcoin haina ofisi Dar es Salaam wala popote duniani. Waliotengeneza waleti yako hawashiki hela yako, hawana kitufe cha kufungua muamala, na hakuna kazi yoyote halali inayowafanya wahitaji maneno yako. Pengo hilo la kukosa wa kumpigia ndilo matapeli wamelijaza. Wanakaa kwenye makundi wakingoja mtu aandike kwamba hela yake haionekani, kisha wanamfuata pembeni wakiwa na nembo ya kampuni kwenye picha. Ni jamaa walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wamebadilisha tu uwanja.

Badala ya kumuuliza mtu, uliza leja, yaani daftari la miamala yote. Ukiweza hilo, nusu ya woga wako itaisha leo.

Stakabadhi ghalani unaijua kuliko mimi. Wakati wa msimu korosho zinalala ghala kuu, mkulima anabaki na karatasi. Karatasi ikilowa, korosho hazilowi. Simu yako iliyokufa kioo na waleti yako mpya ni karatasi tu. Sarafu zako hazijawahi kukaa ndani ya simu yoyote. Ziko kwenye daftari la pamoja, yaani blokucheni, ambalo nakala zake zinatunzwa na maelfu ya kompyuta duniani, na maneno yako 12 ndiyo yanayothibitisha kwamba kilichoandikwa mahali fulani humo ni chako. Tofauti na ghala ni kwamba hakuna mtunza ghala. Mwenye maneno ndiye mwenye mzigo, ndiyo maana yule wa Telegram anayataka.

Daftari hilo liko wazi kwa yeyote. Bitcoin unaitazama mempool.space, na mitandao mingine ya sarafu hivi: Ethereum kwenye Etherscan, BNB Smart Chain kwenye BscScan, na Tron kwenye Tronscan. Unabandika anwani (ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaompa mtu akutumie) au namba ya muamala, basi. Hakuna kujisajili, hakuna kulipa, na kamwe hakuna kuandika maneno 12. Ukurasa wowote unaoyaomba ili "kuoanisha" au "kuthibitisha" waleti, ufunge.

Tuanze na USDT za Muscat. Mwambie mdogo wako akupe vitu vitatu: namba ya muamala, jina la mtandao aliouchagua, na anwani nzima aliyotumia. Neno "imekamilika" peke yake halitoshi, maana linaandikwa na soko alilotumia, yaani kampuni ya mtandaoni ya kununulia na kuuzia sarafu. Kama namba ya muamala hana, ama soko bado halijaurusha muamala, ama ulihamishwa ndani ya soko hilohilo kwenda akaunti nyingine, na miamala ya ndani kwa ndani haiandikwi kwenye leja ya umma. Hapo wa kuulizwa ni soko, na mdogo wako ndiye aulize kupitia programu yao wenyewe.

Namba ikiwepo, iangalie anwani inaanzaje. Ikianza na T, hiyo ni Tron. Ikianza na 0x, ni familia ya Ethereum, na hapa ndipo ninaposhuku hela zako zilipo. USDT ni jina moja linalotembea kwenye mitandao mingi isiyosomana: ipo ya Ethereum, ya Tron, ya BNB Smart Chain, ya Polygon na mingine. Anwani ya 0x uliyo nayo Ethereum ni ileile herufi kwa herufi kwenye BNB Smart Chain na Polygon. Watumaji wengi hukimbia ada ya Ethereum wakachagua mtandao wa bei nafuu. Mzigo unafika salama kwenye anwani yako, ila waleti yako imefungua ukurasa wa Ethereum peke yake, na ukurasa huo kweli ni mtupu. Bandika anwani yako BscScan. Ukiziona 420 zimelala pale, ingia kwenye mipangilio ya waleti, washa mtandao wa BNB Smart Chain, kisha washa USDT iliyo kwenye orodha ya waleti yenyewe. Usiongeze kwa mkono tokeni (sarafu inayotengenezwa juu ya mtandao mwingine) uliyotumiwa maelezo yake na mtu, kwa sababu yeyote anaweza kutengeneza tokeni akaiita USDT.

Zikishaonekana utakutana na kizuizi kingine, nakutajia mapema usije ukarudi kwenye lile kundi. Kutoa USDT kwenye BNB Smart Chain kunahitaji BNB kidogo ya kulipia ada. Kwenye Tron kunahitaji TRX. Kwenye Ethereum, ether. Ada haikatwi kwenye USDT zenyewe kama ulivyozoea kwenye simu. Mtu ana mamia ya dola, hana sarafu ya ada, waleti inamkatalia, anasema hela zimekwama. Hazijakwama. Mdogo wako akutumie BNB ya dola moja au mbili kwa mtandao huohuo, zitatoka.

Jambo moja lingenitia wasiwasi wa kweli: anwani aliyotumia iwe siyo yako. Linganisha herufi zote, usiishie nne za mwanzo na nne za mwisho. Kuna utapeli ambapo mwizi anatengeneza anwani inayofanana na yako mwanzo na mwisho, anatuma kiasi kidogo au sifuri ili iingie kwenye historia ya mtumaji, kisha anangoja aikopi. Mei 2024 mtu mmoja alituma WBTC 1,155 (tokeni inayowakilisha bitcoin kwenye Ethereum), zaidi ya dola milioni 60, kwenye anwani ya namna hiyo. Mdogo wako asikopi tena anwani kutoka kwenye historia. Kila mara akuombe upya. Ila kama ametumia ile uliyompa wakati wa simu ya zamani, hiyo haina shida. Imetoka kwenye maneno yaleyale 12, kwa hiyo bado ni yako.

Sasa akiba yako ya bitcoin. Njia nyepesi kuliko zote: pakua waleti ileile ya zamani, kutoka duka rasmi la programu la simu yako, uingize maneno yako humo. Mara nyingi salio linarudi na kazi inaishia hapo.

Sababu yake ni hii. Maneno 12 hayafungui anwani moja. Yanazalisha anwani nyingi mno, na kila waleti ina njia yake ya kuzipanga. Kwenye bitcoin njia kuu za kawaida zinajulikana kwa namba 44, 49 na 84. Ya 44 inatoa anwani zinazoanza na 1, ya 49 zinazoanza na 3, ya 84 zinazoanza na bc1q. Waleti ya zamani ikiwa ilitumia 49 na hii mpya inasoma 84, maneno ni sahihi, waleti ni nzima, salio ni sifuri. Huna kosa ulilofanya. Tafuta kwenye WhatsApp au SMS anwani yoyote ya bitcoin uliyowahi kumpa mtu, uiangalie mwanzo wake, kisha kwenye waleti mpya utafute sehemu ya kuchagua aina ya anwani. Tahadhari moja kuhusu waleti iitwayo Electrum: tangu toleo la 2.0 ina mfumo wake yenyewe wa maneno, na waleti nyingine nyingi haziyasomi. Kama uliyatengenezea Electrum, yarudishe Electrum.

Unapoibandika hiyo anwani ya zamani kwenye mempool.space, unaweza kuiona nayo ina sifuri, na moyo ukakuruka. Angalia muamala wa mwisho uliotoka kabla hujaamua kuwa umeibiwa. Bitcoin hutumika kipande kizima. Ukiwa na kipande cha laki tano ukamtumia mtu laki moja, laki tano zote zinatoka: laki inakwenda kwake, na chenji, ikishatolewa ada, inarudi kwako kwenye anwani mpya ambayo waleti imeizalisha bila kukuuliza. Nimeona watu wakilia kwa ajili ya hela ambayo ilikuwa imehamia kwenye mfuko wao wenyewe. Muamala ukiwa na sehemu mbili za kupokelea, moja kwa uliyemlipa na moja usiyoijua, na tarehe ni ile uliyotuma wewe, hiyo ya pili karibu kila mara ni chenji yako.

Maneno yenyewe nayo yakague. Mpangilio wake ni lazima uwe uleule. Orodha ya kawaida ina maneno 2,048 ya Kiingereza, na kila neno linatambulika kwa herufi zake nne za kwanza, kwa hiyo neno lililofutika mwishoni daftarini bado linasomeka. Neno la mwisho limebeba alama ya kujikagua: ukikosea moja, waleti kwa kawaida inakataa. Lakini si mara zote. Karibu mara 1 kati ya 16, mkosi unaruhusu maneno yaliyokosewa yapite, na unafungua waleti ya kweli kabisa, tupu, isiyo yako. Na kama siku ya kwanza uliongeza neno la ziada la siri juu ya yale 12, bila hilo utafungua waleti tupu pia. Jaribu kukumbuka.

Kabla ya yote hayo, lakini, hakikisha simu inapata intaneti ya kueleweka. Waleti ikishindwa kusoma leja huonyesha sifuri au salio la zamani. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika nchi nzima, na hakuna salio la kripto lililoguswa. Vivyo hivyo umeme ukikatika Masasi na mnara ukazimika: subiri, usifute programu, usiandike popote.

Nimeacha suala la mteja wa Mtwara mjini lije hapa kwa sababu ndilo linaloweza kukutoa hela mfukoni leo hii. Muamala wa bitcoin uliotumwa bado si muamala uliolipwa. Kwanza unaingia kwenye chumba cha kusubiri. Kwa wastani kila dakika 10 mchimbaji mmoja, yaani mwenye kompyuta zinazoandika miamala kwenye leja, anafunga bloku moja, yaani fungu la miamala, yenye nafasi ya kama baiti milioni 1 za hesabu ya mtandao, na anachukua kwanza wanaolipa ada kubwa kwa kila baiti. Muamala wa kawaida ni kama baiti 140. Bitcoin moja ina satoshi milioni 100. Akilipa satoshi 3 kwa baiti, ada ni satoshi 420. Akilipa 30, ni 4,200. Huo ndio mnada wote. Ada haiangalii umetuma laki tatu au milioni tatu, kinyume na viwango vya fedha za simu. Inaangalia ukubwa wa muamala na foleni ya siku hiyo. Mteja wako aliweka ada ndogo, foleni ikaongezeka, akabaki nyuma.

Fungua namba ya muamala wake mempool.space. Utaona ada aliyolipa kwa baiti, na pembeni ada inayopita kwa sasa. Ukiwa na namba hizo mbili huhitaji mtu wa kukueleza.

Anayeweza kuusukuma kwanza ni yeye mwenyewe. Waleti nyingi zina kitufe cha kuongeza ada: muamala uleule unatumwa upya kwa bei ya juu na ule wa kwanza unatupwa. Wewe uliyepokea nawe una njia, kama waleti yako inakuruhusu kutumia hela ambayo haijathibitishwa, yaani muamala wake haujaingia kwenye bloku: jitumie kiasi hichohicho kwenye anwani yako nyingine kwa ada kubwa. Mchimbaji hawezi kuchukua wa kwako bila kuchukua wa kwake kwanza, kwa hiyo anabeba yote miwili. Gharama inakuwa yako, ndiyo maana ni haki kumwambia yeye aanze. Kama ametuma kutoka sokoni, kitufe hicho hana, na hapo mtakubaliana wenyewe nani agharamie. Tovuti zinazodai kuharakisha muamala kwa malipo, nyingi zinachukua hela na hazifanyi lolote, usiingie.

Asipofanya mtu chochote, muamala utapita foleni ikipungua, au kompyuta nyingi za mtandao zitauacha baada ya saa 336, ambazo ni siku 14. Ukiachwa, bitcoin inabaki kwake. Haipotelei njiani.

Sasa sikia hatari yake. Kitufe kilekile cha kuongeza ada kinaweza kutumika kubadilisha anayelipwa. Kabla muamala haujathibitishwa, mtumaji anaweza kuurusha upya ukielekea kwenye anwani yake mwenyewe kwa ada kubwa zaidi, na ule wako ukafutika kwenye skrini mbele ya macho yako. Simtuhumu mteja wako, huenda ni mtu mwema aliyebana ada. Lakini wakala anayetoa shilingi kwa muamala unaosubiri anatoa hela yake kwa ahadi. Kwa laki tatu mimi ningengoja angalau uthibitisho mmoja. Kwa mamilioni, sita, ambao ni utaratibu wa miaka mingi na huchukua kama saa nzima. Akikukasirikia, mwonyeshe leja. Haina upande.

Siku utakapotuma wewe kwenye Ethereum au BNB Smart Chain, kumbuka kila muamala wa anwani yako una namba ya zamu. Mmoja ukikwama, yote ya nyuma inakwama, hata uliyolipia ada nzuri. Dawa ni kuurudia huo wa kwanza kwa namba ileile ya zamu na ada ya juu. Waleti nyingi zina kitufe cha kuharakisha au kughairi kinachofanya hivyo. Na ukiona umeandikwa umeshindwa, sarafu zako hazikutoka, ila ada imeliwa.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa wewe unashika hela za watu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Usichanganye biashara hii na laini ya uwakala wala na hela ya wateja wako wa kawaida. Ikitokea hasara hakuna dirisha la kwenda kudai fidia. Huyo tapeli unaweza kumripoti: kama namba ya kutumia zile 85,000 alikutumia kwa SMS, ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha umfungie. Ukiwa tayari umempa chochote, nenda polisi na picha za mazungumzo na namba za miamala, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu. Atakayekuja baadaye akidai anaweza kukurudishia ulichoibiwa kwa malipo ya awali, huyo naye ni tapeli, mara nyingi yuleyule.

Jioni ukifunga kibanda, anza na waleti ya zamani, kisha BscScan. USDT zikishaonekana, hamisha 5 tu kwanza kwenda unakozipeleka, uzione zimefika, ndipo uzifuatishe 415. Mteja wa Mtwara mjini mjibu sasa hivi, usingoje jioni: mwambie aongeze ada, na uthibitisho wa kwanza ukionekana unampa shilingi zake zote muda huohuo.